Mshuko wa baada ya kilele

Wahakiki wa muziki wa Uingereza na Marekani wana istilahi maalumu kwa hali ya bendi ambayo albamu yake imevuma, kisha inayofuata ikapokelewa shingo upande. Waingereza husema juu ya ugumu wa albamu ya pili. Wamarekani wameazima jina la mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, wakaliunga na kuporomoka. Kwa Kiswahili, tafsiri inayokuja upesi ni "mporomoko wa albamu ya pili". Naiona inapotosha mara mbili: inahesabu albamu pasipo haja, na inahukumu kazi kabla haijasikilizwa. Napendekeza "mshuko wa baada ya kilele".

Tuanze na hesabu. Rumours ya Fleetwood Mac, iliyotoka 1977 na kukaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki 31, ilikuwa albamu ya 11 ya bendi hiyo. Iliyofuata, Tusk ya 1979, ilikuwa ya 12, lakini yaliyoipata ndiyo hasa hali tunayoitafutia jina. Ilikuwa albamu ya sahani mbili yenye nyimbo 20, ikagharimu zaidi ya dola milioni 1 kurekodi, na mpiga gitaa wake Lindsey Buckingham alikataa katakata kuirudia Rumours. Iliuza nakala milioni 4 hivi, idadi ambayo bendi nyingi zingeifanyia sherehe, ila kwa kuwa ilisimamishwa kando ya Rumours ilionekana hasara. Kwa upande mwingine, Nevermind ya Nirvana, ya 1991, ilikuwa albamu ya pili, na yenyewe ndiyo kilele. Namba, basi, haitufai.

Neno "mporomoko" lina kasoro kubwa zaidi, kwa sababu hubeba picha ya kitu kilichobomoka. Itazameni The Stone Roses ya Manchester. Albamu yao ya kwanza, ya 1989, awali ilifika nafasi ya 19 tu katika chati ya Uingereza. Sifa yake ilikua baadaye, ikawa kubwa mno. Second Coming ilitoka Desemba 1994, ikapanda hadi nafasi ya 4. Kwa kipimo cha chati ilipanda, si kushuka! Hata hivyo iliitwa kazi ya kuvunja moyo, maana wasikilizaji walikuwa wamengoja zaidi ya miaka mitano wakiwazia muujiza, wakaletewa magitaa mazito yaliyowakumbusha Led Zeppelin. Kilichoonekana kuwa mshuko ni umbali kati ya matarajio na kilichopatikana. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilionyesha jambo la jamaa hii mnamo 1886 alipopima vimo: wazazi warefu kupita kiasi huzaa watoto ambao, kwa wastani, si warefu kama wao. Albamu nayo huteuliwa kuwa kilele kwa sababu mambo mengi yaliiangukia vyema kwa wakati mmoja, na si rahisi yaangukie hivyo tena.

Atakayepinga atasema kwamba albamu ya pili ina shida yake mahususi: nyimbo za kwanza bendi huzikusanya miaka yote ya ujana, za pili hudaiwa kati ya ziara na ziara. Ni kweli, na bendi nyingi zimeumia hivyo. Lakini hiyo ni sababu mojawapo, na istilahi ikijengwa juu ya sababu moja itawaacha nje walioshuka kwa sababu nyingine. The Stone Roses hawakukosa muda. Walikuwa nao kupita kiasi, sehemu yake ikaliwa na kesi ya kujinasua kutoka mkataba wa kampuni iliyotoa albamu yao ya kwanza.

Pingamizi la pili ni kwamba "mshuko" ni neno pole mno, linawasitiri waliofanya kazi mbovu. Sikubali. Albamu ikiwa mbovu, mhakiki aseme ni mbovu na aonyeshe wapi. Istilahi isimfanyie kazi hiyo. Tusk leo inasifiwa na wengi kwa uthubutu wake, na neno "mporomoko" lingekuwa limeifungia mlango mapema. Neno hilo litumike pale linapostahili. Mpiga ngoma Reni aliondoka The Stone Roses mwaka 1995, mpiga gitaa John Squire akafuata 1996, na Oktoba mwaka huohuo bendi ikavunjika: albamu ilipata mshuko, bendi ikapata mporomoko.