Sahihi Halali, Ujumbe Mwingine

Mwaka 1998 waandishi wachache wa programu nchini Marekani, Dave Winer na Don Box wakiwemo, walianza kuunda utaratibu wa kompyuta moja kuiomba nyingine kazi kwa kupitia njia ileile inayopitisha kurasa za wavuti. Utaratibu huo ukaitwa SOAP. Ujumbe wake huandikwa kwa XML, maandishi ambayo hata binadamu anaweza kuyasoma: bahasha kwa nje, kichwa ndani yake, kisha mwili wenye ombi lenyewe. Mei 2000 toleo la 1.1 lilifikishwa kwenye shirika la viwango vya wavuti, W3C.

SOAP ilipendwa kwa sababu ilipenya. Makampuni yalikuwa yamefunga milango mingi ya mitandao yao, lakini mlango namba 80, ule wa wavuti, ulibaki wazi. Bruce Schneier, mtaalamu wa usimbaji, alilipinga jambo hilo mwaka huohuo, na kwa maoni yangu alikuwa na haki: kilichosifiwa kuwa wepesi kilikuwa ni kuwakwepa walinzi.

Ulinzi wa njia, yaani kusimba data inapopita kati ya kompyuta mbili, ulikuwepo. Netscape ilitoa SSL mwaka 1995, na TLS ikafuata mwaka 1999. Lakini ombi la benki linaweza kupitia seva mbili tatu kabla ya kufika. Ni kama kifurushi kinachosafirishwa kwa mabasi matatu: kila basi lina kufuli imara, ila kwenye kila stendi mzigo hushushwa na kushikwa na mikono mingine. Ilibidi kifurushi chenyewe kifungwe.

Aprili 2002 IBM, Microsoft na VeriSign walichapisha WS-Security, na Aprili 2004 shirika la OASIS likaipitisha kuwa kiwango rasmi. Sasa kichwa cha ujumbe kiliweza kubeba sahihi ya kidijitali, cheti, jina na nywila, pamoja na saa ya kutumwa, ili ombi la jana lisirudiwe leo kana kwamba ni jipya.

Kiwango kikishaandikwa, lazima mtu akiwashe. Chukua GlassFish, seva ya programu iliyoanzishwa na Sun Microsystems mwaka 2005. Ulinzi wa ujumbe haukuwashwa tangu mwanzo. Msimamizi aliingia kwenye mipangilio ya usalama, akachagua SOAP, akaweka mtoa ulinzi wa upande wa seva, kisha akakabiliwa na maswali mazito. Mtumaji atambuliwe kwa jina na nywila, au maudhui yathibitishwe kwa sahihi? Usimbaji utangulie au ufuate? Palikuwa pia na mafaili mawili, moja la funguo za seva yenyewe na jingine la vyeti inavyoviamini, nayo yalikuja na nywila ya kuanzia iliyochapishwa kwenye mwongozo. Asiyeibadilisha alikuwa amemwachia ufunguo kila msomaji wa mwongozo huo.

Hata aliyejibu yote vizuri hakuwa amemaliza. Mwaka 2005 watafiti wa IBM, Michael McIntosh na Paula Austel, walieleza shambulio ambalo halikuhitaji kuvunja sahihi. Sahihi huonyesha sehemu inayoilinda kwa kutaja kitambulisho cha sehemu hiyo. Mara nyingi haisemi sehemu yenyewe ikae wapi. Mshambuliaji alichukua mwili halisi akauhamishia ndani ya kichwa, kisha pale ulipokuwa akaweka mwili wake mwenyewe. Mkaguzi wa sahihi alitafuta kitambulisho, akakiona, akaridhika. Programu nayo ilikwenda mahali pa kawaida pa mwili, ikasoma ombi la mwizi na kulitekeleza.

Uzito wa onyo hilo ulionekana tena mwaka 2011. Mwaka huo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba shambulio la aina hiyo lingeweza kumpa mtu mamlaka juu ya seva za wateja wa Amazon. Kampuni ilirekebisha kasoro hiyo. Mwaka huohuo Tibor Jager na Juraj Somorovsky wa chuo hicho walionyesha kwamba usimbaji wa XML uliotumia mtindo wa CBC ungeweza kufumbuliwa bila ufunguo, kwa kutuma kwa seva maombi yapatayo 14 kwa kila baiti na kusikiliza majibu yake ya makosa. Mwaka 2013 W3C ilitoa toleo la 1.1 la kiwango cha usimbaji wa XML, lenye mtindo wa GCM, ambao hugundua maandishi yaliyochezewa.

Huduma mpya nyingi zimeiacha SOAP, lakini zilizojengwa zamani bado zinafanya kazi. Ewe uliyekabidhiwa mojawapo, hakikisha programu inasoma sehemu ileile ambayo sahihi yake ilikaguliwa, acha CBC, na ubadilishe nywila ile ya mwongozo leo.