Tabibu wa Kigarama Aliyepelekwa Warsaw

Watu wa Nyamisangura, washukapo kwa njia ya Utegi kwenda Shirati, aghalabu huitaja hospitali ya Wamenno, waliofika huko mwaka 1934. Lakini kabla yao, katika zama za Wajerumani, ufuko huo ulikuwa na kambi ya wagonjwa wa malale, kama ile ya Kigarama katika Kiziba, ng'ambo ya ziwa, ambayo mkuu wake alikuwa tabibu kijana, Robert Kudicke.

Kudicke alikuja mwaka 1906 katika msafara wa Robert Koch, bingwa wa tiba aliyekwisha kupata tuzo ya Nobel, wakati malale yalipokuwa yameangamiza watu zaidi ya 200,000 Uganda. Visiwani Sese, Koch aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye sumu ya zarniki. Na alipoona vijidudu vyarejea damuni akaongeza kipimo hata kikafika gramu nzima, wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka wasione tena. Kambini mgonjwa alipapaswa shingo, tezi iliyovimba ikachomwa sindano, na tone la maji yake likatazamwa kwa hadubini. Insafu yanilazimu kusema kwamba kambi hizi hazikujengwa ili kuua, na kwamba wagonjwa wengi wa Kiziba walikwenda kwa hiari wakitafuta shifaa, wakaondoka dawa ilipowashinda. Illa humo matabibu walizoea kumwona mtu kuwa ghala la maradhi kabla ya kumwona kuwa mja wa Mungu.

Miaka mingi baadaye, Hitler aliposhika dola Ujerumani mwaka 1933, Mayahudi walifukuzwa hata katika Taasisi ya Koch mjini Berlin, na kufikia tarehe 30 Septemba 1938 matabibu wa Kiyahudi wote wakawa wamenyang'anywa leseni zao. Karibu nusu ya matabibu wa Ujerumani walijiunga na chama chake, wala hawakushikiwa bunduki.

Vita vilipoanza na Poland ikatekwa, Kudicke akapewa Taasisi ya Usafi wa Afya ya Warsaw, ambako mwanachuoni mashuhuri wa damu, Ludwik Hirszfeld, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi, alikwisha kuondoshwa, naye baadaye akasukumwa ndani ya geto, mtaa wa Mayahudi uliozungushiwa ukuta. Watu zaidi ya 400,000 walifungiwa nyuma ya ukuta ule kwa hoja ya kuzuia homa ya chawa. Alhali chawa huzaana pale watu wanaposongamana bila sabuni wala maji ya kutosha, na msongamano huo waliuleta wenyewe wenye hoja.

Oktoba 1941 matabibu wa Kijerumani wapatao 100 walikutana Krynica. Kudicke alisema kweli mbele yao: Mayahudi hutoroka geto kwa njaa, na kuwazuia kwahitaji chakula. Mkuu wa afya katika Poland iliyotekwa, Jost Walbaum, akajibu kwamba njia ni mbili tu, kuwaacha wafe njaa au kuwapiga risasi. Na matabibu wale, walioapa kuhifadhi uhai, wakampigia makofi. Siku hizo hizo ikatoka amri kwamba Myahudi atakayekutwa nje ya geto bila ruhusa auawe.

Kudicke aliijua dawa ya geto lile, akaitamka kwa kinywa chake, kisha akarejea kwenye kiti chake Warsaw. Alikuwa angali kazini mwaka 1942, Mayahudi wapatao 265,000 wa mji huo walipopakiwa katika mabehewa kupelekwa kambi ya mauaji ya Treblinka.