Maji Yanayonuka

Kiswahili kimeipa harufu ya samaki jina lake: shombo. Hapa Bariadi wageni wengi wanaoliona tangi langu huuliza kuhusu shombo kabla ya kuuliza samaki ni wa aina gani, kana kwamba ni kodi ya lazima kwa anayefuga samaki sebuleni. Lakini samaki hai katika maji mazuri hanuki. Tangi lililokaa sawa, ukisogeza pua juu yake, linatoa harufu ya udongo uliopigwa na mvua za mwanzo, basi. Kinachonuka ni chakula kilichobaki, jani lililooza, kinyesi kilichokosa wa kukishughulikia. Binadamu alichelewa sana kulielewa hilo.

Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jaribio lake la kufuga samaki wawili wa rangi ya dhahabu katika chombo chenye mmea wa majini, bila kubadilisha maji kila mara. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mmea utatoa oksijeni, samaki wataivuta. Hesabu ilikubali kwa muda, kisha majani ya zamani yakaanza kuoza, maji yakachafuka, na samaki wakawa hatarini. Warington hakumwaga maji. Aliongeza konokono. Konokono wakala majani yaliyooza na utelezi wa kijani, mayai yao yakaliwa na samaki, na maji yakarudi kung'aa. Kwangu mimi hii ndiyo siku tangi la samaki lilipozaliwa, ingawa Jeanne Villepreux-Power alikuwa ametengeneza matangi ya kioo kule Sicily tangu 1832 kwa utafiti wake wa viumbe wa baharini, na anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilicholieneza neno aquarium. Wenye uwezo wakanunua matangi, na kwa miaka michache sebule za Uingereza zikajaa vioo na maji. Kisha homa ikapoa.

Jibu la kwa nini maji huharibika lilitoka kwenye udongo. Karibu na 1890, Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zurich, alionyesha kwamba kuna bakteria wanaoishi kwa kuibadili amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaoibadili naitraiti kuwa naitreti. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na amonia humuua. Naitraiti nayo humuua. Naitreti ikiwa kidogo haina neno. Kwa hiyo katika tangi, wafanya usafi wakuu ni viumbe usiowaona, walioganda kwenye sponji, mchanga na kioo.

Ukishalijua hilo, kanuni za kutunza tangi zinajieleza zenyewe. Mimi hubadilisha robo ya maji kila wiki, si yote. Sponji ya chujio naikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, maana maji ya bomba yenye klorini yatawaua wale bakteria. Maji mapya yanalala kwenye ndoo usiku mzima kwanza. Sabuni haikaribii kabisa. Chakula ni kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita, likiwa na samaki wachache tu, ili bakteria waongezeke. Na umeme ukikatika, pampu ya hewa ikisimama, nina betri ndogo ya sola, kwa sababu bakteria hawa nao wanahitaji oksijeni. Wakikosa, wanaingia wengine wanaofanya kazi bila hewa, na hao ndio wanaotoa harufu ya yai viza. Ukiisikia harufu hiyo mchangani, usipulize manukato chumbani. Nyonya tope kwa mpira.

Samaki wangu ni furu, kutoka mwambao wa Busega, wilaya pekee ya Simiyu inayogusa Ziwa Victoria. Bibi yangu, aliyekulia Nassa, alipowaona mara ya kwanza alicheka.

"Mjukuu wangu, hawa si wa kuangalia. Hawa tulikuwa tunaanika."

Furu alikauka kwa jua tu. Sangara, kwa mafuta yake, anahitaji moshi, na moshi unahitaji kuni. Sangara walipandikizwa kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamefurika huku kusini. Kabla yao ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, wengi wasiopatikana kwingine popote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977 na Frans Witte akiwa miongoni mwao, walikuja kuwahesabu furu na wakajikuta wanahesabu kutoweka kwao. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea.

Walichokuwa wakila ndicho kinachonigusa. Walikuwepo furu waliokwangua mwani kwenye mawe, waliovunja konokono, waliokula samaki wenzao. Lakini katika Ghuba ya Mwanza kundi kubwa lilikuwa la wale waliokula mabaki yaliyotuama chini. Kazi ileile ya konokono wa Warington! Wakati huohuo mito, ukiwemo Mto Simiyu unaoshuka kutoka upande wa Serengeti kupitia mashamba yetu ya pamba, ulizidi kupeleka tope na mbolea ziwani. Mwani ukaongezeka, ukafa, ukazama, ukaoza. Maji ya kina yakaishiwa oksijeni. Wataalamu bado wanabishana kipi kilitangulia, sangara au uchafu. Mwenye tangi hashangai kwamba vilikwenda pamoja.

Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha jambo jingine. Furu jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa na ukungu, rangi hazionekani, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika. Hakuna aliyewala, wamepotea kwa kutoonana.

Baadhi ya aina zilinusurika kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, ambako vizazi vya furu vimezaliwa bila kuwahi kuliona ziwa. Nyingine zilianza kurudi zenyewe katika miaka ya 1990, sangara walipovuliwa kupita kiasi. Hawa wangu sijui ni wa kundi lipi. Nilimuuliza mvuvi aliyeniuzia pale Lamadi jina lao.

"Furu," akasema, na kunishangaa kwamba nataka jingine.

Dume mmoja ana wekundu mgongoni unaoonekana vizuri Jumapili, baada ya kubadilisha maji. Kufikia Ijumaa umefifia kidogo. Maji yanayotoka namwagia mpapai.