Usomaji wa DNA na uunganishaji wa vipande vyake

Usomaji wa DNA ni kazi ya kutambua mfuatano wa besi nne, A, C, G na T, katika molekuli ya DNA. Kromosomu ya binadamu haisomwi kwa mkupuo mmoja toka ncha hadi ncha. Husomwa vipande, kisha kompyuta huviunganisha. Sifa nyingi zimewaendea waliobuni mbinu na mashine za kusomea, ingawa kuunganisha ndiko kulikochelewesha jenomu kamili ya binadamu hadi 2022.

Mbinu ya Sanger

Frederick Sanger wa Cambridge, Uingereza, alipogeukia DNA alikuwa tayari na Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1958, aliyoipata kwa kuchambua insulini. Mbinu aliyoitangaza na wenzake mwaka 1977 ni ya werevu wa hali ya juu. Kimeng'enya kiitwacho polimerasi hupewa uzi mmoja wa DNA kiunakili. Katika malighafi yake huchanganywa nyukleotidi (vijenzi vya DNA) chache zilizobadilishwa makusudi: ikishaingia moja, hakuna nyingine inayoweza kushikamana nayo mbele, na unakili hukoma papo hapo. Kazi ilifanywa katika mirija minne, mmoja kwa kila besi, na mwishowe zilipatikana nakala za urefu mbalimbali, kila moja ikiishia kwenye besi inayojulikana. Nakala hizo zilipitishwa kwenye jeli kwa nguvu ya umeme. Fupi zilitangulia, ndefu zilibaki nyuma, na alama zake za mionzi zilisomwa kwa macho kwenye filamu ya eksirei.

Mwaka huohuo kundi lake lilichapisha jenomu ya virusi phiX174, yenye besi 5,400 hivi. Mwaka 1980 Sanger alipata Nobel ya pili, akiwa pamoja na Walter Gilbert na Paul Berg.

Gilbert na Allan Maxam walikuwa na mbinu yao ya kukata DNA kwa kemikali, nayo iliachwa baadaye.

Mwaka 1986 maabara ya Leroy Hood huko California ilibadilisha alama za mionzi kwa rangi nne zinazong'aa, na kuanzia hapo mashine ikaweza kusoma badala ya macho ya mtu.

Kuvunja ili kuunganisha

Mbinu ya Sanger husoma besi mia kadhaa tu kwa mara moja. Kwa hiyo nakala nyingi za DNA ileile huvunjwa ovyo, bila mpangilio, ili mwisho wa kipande kimoja ufanane na mwanzo wa kingine. Rodger Staden, aliyefanya kazi katika maabara ya Cambridge alikokuwa Sanger, alieleza mwaka 1979 programu za kompyuta za kutafuta mfanano huo. Mwaka 1982 ilikamilika kwa njia hii jenomu ya virusi lambda, besi 48,502.

Ushindi uliowanyamazisha walioitilia shaka njia hiyo ulikuja 1995. Craig Venter na Hamilton Smith waliunganisha vipande 24,000 hivi vya bakteria Haemophilus influenzae na kupata duara moja la besi zaidi ya milioni 1.8. Hiyo ndiyo jenomu ya kwanza kukamilishwa ya kiumbe kinachojitegemea.

Binadamu alikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa karibu nusu ya DNA yake ni sehemu zinazojirudia. Aliyepewa vipande vya karatasi ya wimbo wa taarabu hawezi kujua kibwagizo alichoshika kimetoka baada ya ubeti gani. Programu nayo hukwama vivyo hivyo, au, vibaya zaidi, huunganisha mahali pasipo pake na kutoa jenomu ya uongo. Dawa mojawapo ni kusoma ncha zote mbili za kipande kirefu chenye urefu unaojulikana, ili zivuke eneo la marudio.

Mwaka 2000 mradi wa umma wa jenomu ya binadamu ulikuwa na vipande tele bila programu ya kuviunganisha. Jim Kent, mwanafunzi wa uzamivu huko Santa Cruz, aliiandika kwa takriban mwezi mmoja, akikanda mikono yake kwa barafu usiku. Matokeo yalipatikana tarehe 22 Juni, siku chache kabla ya tangazo la Ikulu ya Marekani kuhusu jenomu hiyo.

Vipande vifupi na virefu

Kuanzia 2005 zilikuja mashine zinazosoma mamilioni ya vipande kwa pamoja. Gharama ilishuka mno, lakini vipande vilikuwa vifupi, vingine vya makumi machache ya besi tu, na tatizo la marudio likazidi. Pavel Pevzner na wenzake walikwishapendekeza mwaka 2001 kukatakata kila kipande kuwa maneno mafupi yenye urefu sawa na kutafuta njia inayoyapitia yote.

Mashine za vipande virefu, ikiwemo ile inayopitisha uzi wa DNA katika tundu dogo la protini, ndizo zilizoziba mapengo. Mwaka 2022 ilichapishwa jenomu ya binadamu isiyokatika, pamoja na asilimia 8 iliyokuwa imekosekana, nyingi ikiwa ni marudio ya sentromea, yaani kiuno cha kromosomu.

Afrika Mashariki

Jenomu ya Theileria parva, kimelea cha ndigana kali ya ng'ombe, ilichapishwa 2005 kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ya Nairobi. Ina kromosomu 4 na besi milioni 8.3, na kimelea kilichosomwa ni cha aina ya Muguga, Kenya. Wakati wa UVIKO-19 jenomu za virusi vyake zilisomwa katika maabara za Kilifi na Entebbe.