Mwambamaji

Mtaalamu akitaja "maji chini ya ardhi", wengi wetu huwazia ziwa lililofichika gizani, au mto unaopita chini kwa chini, ukingoja kutobolewa. Wachimbaji nao huikoleza picha hiyo wanaposema wamepata "mkondo". Maneno hayo yanataja maji, yanamsahau anayeyashika. Huyo ndiye akwifa, neno lenye asili ya Kilatini linalounganisha maji na kubeba. Mimi namwita mwambamaji.

Najua nitaulizwa: jiwe linabebaje maji? Jibu liko Shighatini, Upare Kaskazini. Milima ya Upare ni ya miamba ya kale sana, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo, na jiwe lake zima halinywi maji. Maji hukaa katika nyufa, na katika tabaka la juu lililooza, lile linaloingilika kwa sururu. Mvua ya masika hupenya humo, hushuka polepole, na ikikwama juu ya jiwe zima hutafuta njia ubavuni mwa mlima. Hapo ndipo chemchemi inapotokea. Ndiyo maana pia visima viwili vya jirani hutofautiana: kimoja kimeukuta ufa, kingine kimeukosa.

Kule tambarare ya Same, penye mvua haba, maji hushikwa pia na mchanga na kokoto zilizoteremshwa na makorongo. Hapo istilahi yangu inapwaya kidogo, nakiri. Ni mwanajiolojia tu anayeweza kuuita mchanga mwamba bila kuchekwa.

Wapare wana ndiva, bwawa dogo linalojazwa usiku kwa mfereji na kufunguliwa mchana kwa zamu. Ndiva ikipungua kila mtu anaona, na aliyepitiliza zamu yake anajulikana. Mwambamaji hupungua bila shahidi. Kisima kikikauka tunachimba kingine pembeni, kumbe tunaichota ndiva ileile kwa kata nyingine.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha maji ya chini ya ardhi, na kwa Upare mwenye kukitoa ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Lakini kibali hakionyeshi kilichobaki chini. Kinachoonyesha ni utepe wa kupimia ulioteremshwa kisimani, masika na kiangazi, miaka mfululizo. Kipimo ninachokitazama kwanza ni cha mwisho wa kiangazi, kabla ya vuli, utepe unapozama mbali zaidi kabla ya kulowa.