Tangazo la Serikali Lubumbashi: Kutoka Valve hadi Tovuti

Kwa miongo mingi tangazo la serikali mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye valve, yaani ubao wa matangazo ulio barazani kwa meya, kwenye ofisi ya komini, shuleni au chuo kikuu. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa, ikatiwa sahihi, ikagongwa muhuri, na hapo kazi ya ofisi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Aliyetaka kujua yaliyomo alikwenda kusoma. Mkazi wa Golf, mtaa unaobeba jina la uwanja wa gofu, alishuka mjini kama walivyofanya wa komini za Katuba na Kamalondo. Kipofu alihitaji mtu wa kumsomea, aliyepooza miguu kwa polio alihitaji mtu wa kumwendea, na wote wawili wakategemea uaminifu wa mjumbe.

Umbali huo ulikuwa na chanzo chake. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na wapangaji wake wa Kibelgiji wakatenga mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, katikati wakaacha kwa makusudi eneo tupu lisilojengwa. Ofisi zikabaki upande mmoja. Aliyechora ramani hiyo hakumfikiria mtu wa magongo.

Chombo kilichowafikia wasioona, bila mtu yeyote kukusudia, kilikuwa redio. Kiswahili cha redioni hakikudai macho wala safari. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Viziwi hawakupata chochote hapo. Elimu yao katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa ilisukumwa mbele na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe. Alianza Ghana mwaka 1957, akaeneza shule hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na akafa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Shule hizo zilitumia ishara zenye asili ya Marekani pamoja na Kifaransa cha kuandikwa. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo Kifaransa cha ofisini ni lugha ya pili, hivyo hotuba ya video isiyo na manukuu wala mkalimani wa ishara haimwambii neno, na maandishi marefu ya kisheria humsaidia kidogo tu.

Wakati huohuo kompyuta ilikuwa imeanza kusema. JAWS, programu ya kusoma skrini iliyotungwa na Ted Henter, Mmarekani asiyeona, ilitoka mwaka 1989, lakini bei yake iliiweka mbali na Waafrika wengi. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, alianzisha NVDA, programu ya namna hiyohiyo inayotolewa bure. Kuanzia mwaka 2009 simu nazo zilipata visoma skrini: za Android zilikuja na TalkBack, na iPhone ikapata VoiceOver. Kwa Kongo, ambako simu ndiyo kompyuta ya watu wengi, hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito.

Kanuni za kutengeneza tovuti zinazosomeka na programu hizo zilikuwapo tayari. Shirika la W3C, lililoanzishwa na Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, lilitoa mwongozo wake wa kwanza, WCAG, mwezi Mei 1999, wa pili Desemba 2008, kisha nyongeza za 2018 na 2023. Mambo yake mengi ni ya kawaida kabisa. Picha iwe na maelezo ya maneno. Kila kisanduku cha fomu kiwe na jina linalotamkika. Kila kitu kiweze kufanyika kwa kibodi bila kipanya. Maandishi ya ukubwa wa kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, jambo ambalo mwenye macho mazima pia huliona faida yake akishika simu juani.

Taasisi za Kongo zilipofungua tovuti, desturi ya valve ilihamia kwenye skrini pamoja na vumbi lake. Tangazo lililokwisha kugongwa muhuri hupigwa picha au kuskaniwa, picha ikapachikwa kwenye ukurasa, na siku hiyohiyo ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Si uzembe mtupu. Katika utawala uliorithi taratibu za Kibelgiji muhuri ndio uthibitisho, na penye matangazo mengi ya uongo msomaji hutafuta muhuri kwanza. Lakini programu ya kusoma skrini hukuta picha tu. Hutamka jina la faili, mara nyingi mfuatano wa herufi na tarakimu, kisha hupita. Simu za siku hizi hujaribu kutambua maandishi yaliyo ndani ya picha, ila karatasi iliyopigwa ikiwa imepinda, tena muhuri umelalia tarehe na jina la mtia sahihi, huharibu hasa yale ambayo msomaji anayahitaji.

Dawa yake ni ya gharama ndogo. Tangazo huchapwa kwenye kompyuta kabla ya kuchapishwa kwenye karatasi, kwa hiyo maneno yapo tayari. Yakiwekwa kwenye ukurasa kama maandishi, na picha yenye muhuri chini yake, mwenye kutafuta uthibitisho na mwenye kusikiliza wote hupata chao. Mfano wa karibu upo katika matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, Examen d'État, ambayo hupatikana kwa SMS. Ujumbe huo haukubuniwa kwa ajili ya wasioona, lakini kwa kuwa ni maandishi matupu, simu huusoma bila shida.

Sheria zilifuata polepole. Katiba ya Kongo ya Februari 2006, katika ibara ya 49, iliwapa wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Desemba ya mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja intaneti waziwazi. Kongo ilijiunga nao mwaka 2015. Sheria ya taifa ya kulinda na kukuza haki hizo, namba 22/003, ilitolewa tarehe 3 Mei 2022, na kanuni za mambo ya kidijitali zikafuata Machi 2023. Kenya ilikwenda mbele zaidi kwa kutoa mwaka 2022 kiwango cha kitaifa cha ufikivu wa huduma za kidijitali, KS 2952. Kiwango kina faida ambayo tamko la haki halina: mkaguzi anaweza kushika ukurasa mmoja akasema hiki kimetimia, kile hakijatimia.

Jambo moja ambalo Lubumbashi italazimika kulishughulikia yenyewe ni lugha. Ukurasa wa wavuti hubeba alama iliyofichika inayoiambia programu itumie sauti ya lugha gani. Alama ikisema Kifaransa, huku tangazo ni la Kiswahili, «wote» hugeuka «wot» na «chakula» huanza kwa sauti ya «sh». WCAG hudai alama ya lugha ya ukurasa mzima katika daraja la A, na alama kwa kila sehemu ya lugha tofauti katika daraja la AA, sharti linalouhusu mji ambao Kifaransa na Kiswahili hukaa katika aya moja. Sauti za Kiswahili zipo, ikiwemo ya eSpeak, programu ya kutamka maandishi inayofanya kazi ndani ya NVDA, lakini zimefuata Kiswahili sanifu. Kiswahili cha Kongo kina alama yake ya kimataifa, swc, na mtengenezaji wa tovuti anaweza kuiandika leo. Programu isiyo na sauti ya lahaja hiyo itamsomea msikilizaji wa Golf kwa matamshi ya Afrika Mashariki, ikikwama kwenye maneno ya Kifaransa yaliyomo.