Mwenye Kampuni Ndiye Mwenye Mgeni

Hapa Babati huyaona magari ya watalii yakipita kuelekea Kondoa kwenye michoro ya miambani. Sisi hupunga mikono tu.

Mwaka 1962 familia ya Kent, baba, mama na kijana wao Geoffrey, ilianzisha kampuni ya safari nchini Kenya, ikaiita Abercrombie & Kent. Abercrombie hakuwako! Jina lilibuniwa ili litangulie kwenye kitabu cha simu. Leo linajulikana dunia nzima.

Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, watalii waliokuwa wakija kwetu kupitia Nairobi walipungua ghafla. Ndipo tulipobaini mgeni alikuwa wa nani.

Babati tuna ziwa lenye viboko, na mlima Hanang hauko mbali. Familia ipi itaanza? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji akilala, mgeni hupita.